Mukombero, mulondo na nguvu za kiume: Maabara imesema nini hadi sasa?

Mzizi mmoja, majina mengi. Kakamega wanauita mukombero, Kampala wanauita mulondo, wanasayansi wanauita Mondia whitei. Unanukia kama vanila, ukiutafuna unachangamsha ulimi, na muuzaji wa stendi atakupimia huku akitabasamu, maana wote wawili mnajua umefuata nini.

Ahadi yake ni ya siku nyingi: kurudisha "nguvu za kiume" na kulinda heshima ya ndoa.

Wengi hawajui kwamba mzizi huu umeshapelekwa maabara, tena zaidi ya mara moja. Katika tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2001 na 2004, watafiti wa Cameroon waliwanywesha panya dume dawa ya mzizi huu kwa dozi ile ile ya kila siku. Waliotumia kwa siku 8, homoni yao ya kiume ilipanda. Waliotumia kwa siku 55, korodani zao ziliacha kutengeneza mbegu.

Mzizi ule ule. Dozi ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya siku.

Kwa hiyo swali la "je, inafanya kazi?" halitoshi. Inafanya kazi gani? Kwa kiasi gani? Kwa muda gani? Na kwa nani? Hayo ndiyo maswali ambayo sayansi inajaribu kuyajibu kuhusu dawa hizi, na ndiyo unayopaswa kuyauliza kabla hujatoa hela yako.

"Nguvu za kiume" ni mambo manne

Mtaani tunasema nguvu za kiume kana kwamba ni kitu kimoja. Daktari akikusikiliza, anatenganisha angalau mambo manne:

- Hamu: kulitamani tendo lenyewe.
- Kusimama: uume kupata damu ya kutosha na kubaki imara.
- Muda: kufika kileleni mapema mno, au kuchelewa sana.
- Uzazi: wingi, umbo na mwendo wa mbegu za kiume.

Mwanaume anaweza kuwa na hamu tele na uume usisimame. Mwingine yuko fiti chumbani kila siku, lakini hana mbegu za kutosha kutungisha mimba. Haya ni matatizo tofauti, yana vyanzo tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Hivyo ukikutana na kichwa cha habari kinachosema wanasayansi wamethibitisha mzizi wa nguvu za kiume, uliza kwanza: wamepima lipi kati ya hayo manne?

Dawa ya asili inapimwaje?

Safari ya mmea kutoka msituni hadi kwenye chupa yenye maelezo ya kueleweka ina hatua kadhaa. Mimea mingi huishia njiani.

1. Kuwauliza wanaoijua. Watafiti huanza kwa wazee, waganga na wakunga wa jadi. Mwaka 2005, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Makerere, Maud Kamatenesi-Mugisha na Hannington Oryem-Origa, walichapisha orodha ya mimea 33 inayotumika magharibi mwa Uganda kwa wanaume wenye tatizo la kusimama. Iliyotajwa zaidi ilikuwa Citropsis articulata, ambayo wenyeji huiita omuboro, na mti wa kola.

Utafiti wa aina hii ni wa thamani kubwa, lakini unaonyesha watu wanatumia nini. Hausemi kama kinafanya kazi.

2. Kuutambua na kuuchambua. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba mimea mitatu tofauti. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea huchukua tawi, majani na maua na kuyahifadhi kama ushahidi. Kisha maabara huangalia kuna kemikali gani ndani, na kama kuna kisichotakiwa: madini mazito kama risasi, bakteria, ukungu.

3. Kujaribu nje ya mwili. Dawa huwekwa kwenye seli au kipande cha msuli ili kuona kinachotokea.

4. Kujaribu kwa wanyama. Mara nyingi panya na sungura. Hapa hupimwa faida, na pia sumu: ini, figo na damu vinaendeleaje?

5. Kujaribu kwa watu wachache. Lengo la kwanza ni usalama.

6. Kulinganisha. Watu hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa yenyewe, nusu wapewe kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Wataalamu wanakiita plasebo. Mgonjwa hajui amepewa ipi, na daktari pia hajui. Mwisho wa jaribio ndipo siri inafunguliwa.

Hatua hii ya sita ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ambayo mimea yetu mingi haijaifikia.

Mukombero umefika wapi?

Tukiupima mukombero kwa hatua hizo, hiki ndicho kilichopo.

Mwaka 2008, mtafiti Fanuel Lampiao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichanganya dawa ya mzizi huu na mbegu za wanaume ndani ya vyombo vya maabara. Mwendo wa mbegu uliongezeka. Hiyo ni habari njema kwa upande wa uzazi, lakini kumbuka mbegu zilikuwa nje ya mwili. Mtu akitafuna mzizi, unapita kwanza tumboni na kwenye ini, na kinachoifikia mbegu huenda kisiwe kile kilichomiminwa maabara.

Mwaka 2010, watafiti wa Ghana waliangalia athari zake kwa sungura dume kwa upande wa kusimama. Matokeo yao yalielekeza kwenye njia ile ile inayojulikana na madaktari. Mwanaume anapopata msisimko, mishipa ya uume hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo huanzisha mfululizo wa kemikali unaolegeza misuli laini, damu inajaa, uume unasimama. Wanasayansi watatu wa Marekani waliofumbua kazi ya gesi hii mwilini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, mwaka ule ule Viagra ilipoidhinishwa Marekani.

Kwa hiyo mzee aliyesema mzizi huu "unaamsha damu" hakuwa anapiga porojo. Kuna kitu ndani yake.

Sasa turudi kwa wale panya wa Cameroon.

Katika utafiti uliochapishwa 2004, Pierre Watcho na wenzake walitumia miligramu 400 za dawa kwa kila kilo ya uzito wa panya, kila siku. Baada ya siku 8, korodani zilikuwa na uzito mkubwa zaidi na homoni ya testosteroni ilikuwa imepanda.

Katika utafiti wao wa 2001, walitumia dozi hiyo hiyo kwa siku 55. Tishu za korodani ziliharibika, utengenezaji wa mbegu ukasimama, na uwezo wa panya hao kutungisha mimba ukashuka. Walipoachishwa dawa, hali ilirudi. Ndiyo maana watafiti walitumia neno "inayorekebishika" kwenye kichwa cha utafiti wao.

Fikiria mwanaume anayehangaika kupata mtoto, anaambiwa na rafiki atafune mzizi huu kila siku kwa miezi mitatu. Je, anajisaidia au anajichelewesha? Panya hawawezi kumjibu moja kwa moja. Lakini wanatosha kumwambia muuzaji asiseme "tumia tu, haina madhara".

Panya sio mtu mdogo

Kosa la kawaida ni kuchukua dozi ya panya na kuizidisha kwa kilo za mtu. Miligramu 400 mara kilo 70 ni gramu 28 kwa siku. Hesabu hiyo sio sahihi, kwa sababu mwili wa panya unachoma na kutoa dawa haraka kuliko wetu.

Wataalamu hutumia kigezo kinachozingatia eneo la ngozi ya mwili. Kwa panya wakubwa wa maabara, hugawanya dozi kwa takriban 6. Ukifanya hivyo, mtu wa kilo 70 anapata kama gramu 4 na nusu kwa siku.

Na hapo tunazungumzia dawa iliyokamuliwa, sio mzizi mbichi. Mzizi unaouzwa stendi huenda ni mnene au mwembamba, mkavu au wenye maji, wa mwaka huu au wa mwaka juzi. Wawili wanaotafuna "kipande kimoja kila jioni" wanaweza kuwa wanapata dozi zilizo mbali kabisa.

Pia, kufanya kazi na kuwa salama ni mambo mawili. Watafiti wa Pretoria, Afrika Kusini, walipima mwaka 2006 mimea kadhaa inayotumiwa na Wavenda kwa tatizo la kusimama. Mmoja, Securidaca longepedunculata, ulilegeza misuli ya uume wa sungura kwa kiwango kilichowavutia. Mti huo huo unajulikana sehemu nyingi za Afrika kwa sumu iliyo kwenye mizizi yake. Maabara ilipata kinachofanya kazi, na bado usingependa kumpa ndugu yako.

"Lakini kwangu ilifanya kazi"

Hii ndiyo hoja kubwa ya mtaani, na haipaswi kudharauliwa. Mtu anasema alichofanyiwa na mwili wake. Tatizo ni kujua nini hasa kilimsaidia.

Angalia jaribio kubwa la Viagra lililochapishwa mwaka 1998. Katika wiki 4 za mwisho za sehemu moja ya jaribio hilo, wanaume waliopewa dawa walifanikiwa katika asilimia 69 ya mara walizojaribu tendo la ndoa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walifanikiwa katika asilimia 22.

Isome tena hiyo 22. Ni zaidi ya mara moja katika kila tano, na kidonge hakikuwa na kitu.

Kusimama kwa uume kunaanzia kichwani. Hofu, aibu, deni, ugomvi wa nyumbani, uchovu wa kazi, vyote vinaweza kuzima kila kitu. Mwanaume akipewa kitu anachokiamini, hofu inapungua, na mwili unafuata. Hiyo ni faida ya kweli, lakini huwezi kuipa mzizi sifa ambayo kidonge kisicho na dawa pia kingeipata.

Ndio maana hatua ya sita haikwepeki. Bila kundi la kulinganisha, kila kitu kinaonekana kinafanya kazi, hata majivu.

Mti wa Afrika uliofika mbali

Ili tusiseme dawa zetu hazijawahi kuvuka, kuna mfano wa yohimbe. Huu ni mti wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi, kama Cameroon na Gabon, ambao gamba lake limetumika tangu zamani kwa nguvu za kiume.

Wanasayansi walitoa ndani yake kemikali iitwayo yohimbini. Ikatengenezwa vidonge vya kuandikiwa na daktari, ikajaribiwa kwa wanaume halisi. Mwaka 1998, wachambuzi wawili walikusanya majaribio 7 yaliyofanywa kwa utaratibu mzuri na kuona kwamba yohimbini ilikuwa bora kuliko plasebo kwa tatizo la kusimama.

Kwa maneno mengine, wazee wa Cameroon walikuwa sahihi, na sayansi ikakubali.

Lakini sayansi hiyo hiyo ikaandika na upande wa pili: yohimbini inaweza kupandisha shinikizo la damu, kuharakisha mapigo ya moyo na kuleta wasiwasi. Kwa mtu mwenye presha, hilo ni jambo zito.

Kisha soko likaharibu hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima virutubisho vya chapa 49 vilivyouzwa Marekani kwa jina la yohimbe au yohimbini. Kiasi cha yohimbini kilianzia sifuri hadi miligramu 12.1 kwa dozi moja. Mnunuzi mmoja anakunywa unga mtupu, mwingine anakunywa dawa kali, na wote wamelipa kwa jina moja.

Kama hiyo ndiyo hali ya bidhaa za madukani Marekani, sembuse unga uliofungwa kwenye karatasi ya daftari.

Dawa "ya mitishamba" inayowaka ndani ya nusu saa

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na pengine haihusu mmea wowote.

Unga unaoahidi matokeo ya papo hapo unauzwa kote Afrika Mashariki. Tanzania, "vumbi la Kongo" limekuwa jina la kila mtu. Sifa yake kubwa ni kwamba "inajibu fasta".

Hiyo kasi ndiyo ya kutilia shaka. Sildenafili, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Viagra, huanza kufanya kazi kati ya dakika 30 na saa moja. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anachohitaji ni kusaga vidonge vya bei rahisi, kuchanganya na unga wa majani, na kuuza kama dawa ya babu.

Mchezo huu umeandikwa vizuri na wanasayansi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia maonyo ya mamlaka ya dawa ya Marekani kati ya mwaka 2007 na 2016. Ulikuta bidhaa 776 zilizochanganywa na dawa za hospitali kwa siri. Kati yake, 353 zilikuwa za nguvu za kiume, na karibu nusu ya hizo zilikutwa na sildenafili.

Ubaya wake ni upi, kama sildenafili ni dawa halali?

Kwanza, dozi. Vidonge halali ni vya miligramu 25, 50 au 100, na daktari huchagua kulingana na umri na afya yako. Kijiko cha unga hakina miligramu.

Pili, moyo. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akichanganya na sildenafili, presha yake inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Akiwa hospitali angeulizwa. Mtaani haulizwi na mtu.

Tatu, hujui kingine kilichomo. Singapore, kati ya Januari na Mei 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya. Dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kinyume cha sheria zilikutwa na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari. Watu 7 walipoteza fahamu kwa muda mrefu. Wanne walikufa.

Hawakufa kwa sababu ya mmea. Walikufa kwa sababu hakuna aliyepima kilichomo kabla hakijafika mdomoni.

Uume unaweza kuwa king'ora cha moyo

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia mzizi, hata mzizi halisi na safi.

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, kama milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni minene zaidi, milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuziba mishipa mwilini, ile myembamba ndiyo inayolalamika kwanza. Ndio maana madaktari wa moyo wanalichukulia tatizo la kusimama kama dalili ya mapema, ambayo mara nyingi hutangulia matatizo ya moyo kwa miaka miwili hadi mitano.

Kisukari nacho hushambulia mishipa na neva hizo hizo. Hata baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo zinaweza kupunguza nguvu.

Sasa chukua mwanaume wa miaka 45. Mambo hayaendi chumbani. Anaona aibu kwenda hospitali, anaona heri kwenda kwa muuza unga. Unga una sildenafili ya siri, unafanya kazi. Anarudi tena na tena, anafurahi. Sukari yake haipimwi. Presha haipimwi. Miaka mitatu baadaye anaanguka.

Dawa ilimsaidia kweli, na kwa kumsaidia ikamfichia ugonjwa.

Kipimo cha sukari na cha presha ni vya dakika chache, vinapatikana hata zahanati. Hakuna mzizi unaoweza kuchukua nafasi yake.

Muhuri wa serikali unamaanisha nini?

Nchi zetu hazijalala. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na sampuli za dawa hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Muhimbili ina taasisi yake ya tiba asili. Kenya, bidhaa za mitishamba ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za jadi. Uganda ilipitisha sheria yake ya tiba asili mwaka 2019.

Lakini muhuri una maana zaidi ya moja, na wauzaji wanajua kuichanganya. Kuna tofauti kati ya:

- Mganga aliyesajiliwa: anaruhusiwa kutoa huduma. Haimaanishi kila anachouza kimepimwa.
- Dawa iliyopimwa usalama: haikukutwa na sumu au uchafu. Haimaanishi inatibu.
- Dawa iliyothibitishwa kutibu: imepita hatua ya sita, kwa watu.

Ukiambiwa "imepimwa na Mkemia Mkuu", hiyo kwa kawaida inahusu kilichomo ndani. Swali la kama inamsaidia mwanaume linajibiwa kwa majaribio ya watu, sio kwa mashine ya maabara peke yake.

Kwa nini tusiache tu?

Kuna watakaosema basi tuzipige marufuku zote. Hilo halitasaidia. Watu wataendelea kununua, ila gizani zaidi. Na tutapoteza kitu chenye thamani: yohimbe ni ushahidi kwamba ndani ya maarifa ya wazee kuna dawa za kweli.

Halafu kuna mmea wenyewe. Mukombero unachimbwa mzizi, na mzizi ukishang'olewa mmea umekufa. Kadiri sifa zinavyopanda, ndivyo unavyozidi kuwa adimu msituni. Kulima ndiyo njia. Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, kundi la wakulima la Muliru lilipata Tuzo ya Equator mwaka 2010 kwa kulima mmea wa dawa na kuusindika kuwa bidhaa, badala ya kuuvamia msitu.

Kulima kunasaidia sayansi pia. Mmea uliopandwa shamba moja, ukavunwa umri mmoja na kukaushwa kwa njia moja, ndio unaoweza kupewa dozi ya kueleweka. Bila hilo hakuna jaribio la maana kwa binadamu.

Kabla hujanunua, uliza haya

- Huu ni mmea gani? "Siri ya babu" sio jibu.
- Unasaidia lipi kati ya yale manne? Akijibu "yote, pamoja na kisukari na mgongo", funga pochi.
- Kiasi gani, kwa siku ngapi? Kumbuka siku 8 na siku 55.
- Imesajiliwa kama dawa, au ni wewe uliyesajiliwa? Omba namba.
- Inajibu ndani ya nusu saa? Basi kuna uwezekano sio majani peke yake.
- Natumia dawa za moyo, presha au sukari? Kama ndiyo, zungumza na daktari kwanza, hata kama ni aibu. Yeye ameshasikia habari kama yako mara nyingi.

Na ukienda hospitali, mwambie daktari umetumia nini mtaani. Usifiche. Hawezi kukupa dawa salama kama hajui kilichoko tumboni tayari.

Mukombero haujashindwa mtihani. Haujamaliza kuufanya. Panya wametuambia una nguvu ya kujenga na ya kubomoa, na mpaka ujaribiwe vizuri kwa wanaume, hakuna muuzaji anayeweza kukwambia kwa uhakika wewe utaangukia upande gani.